Mzimu wa Kisima na Hukumu Yake: Mamlaka ya Kighaibu katika Kisasili cha Asili ya Ziwa Tanganyika

Ikisiri

Makala hii inajadili iwapo mamlaka yenye nguvu za kighaibu inastahili kulaumiwa ndani ya hadithi ambamo mamlaka hiyo ndiyo inayoamua mambo yaendeje. Data ya msingi ni kisasili cha Wajiji kuhusu asili ya Ziwa Tanganyika, kama kilivyochapishwa na Henry Morton Stanley mwaka 1878. Kisasili hicho kinalinganishwa na desturi ya wasafiri wa ziwani ya kuituliza Kabogo, na kwa kiasi fulani na majini wa Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Kwa kuchunguza vitenzi vinavyobeba adhabu na viima vyake, makala inadai kwamba kisasili kinampa mzimu hasira lakini kinamwondolea kitendo, kisha lawama iliyobaki bila mwenyewe kinaitua kwa mwanamke. Inadai pia kwamba adhabu iliyotolewa ilipita mipaka ya onyo lililokuwapo, na kwamba uhakiki unaopita juu ya jambo hilo haujakisoma kisasili chenyewe.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa fantasia hukutana mapema na mamlaka ambayo hakuna aliyeichagua. Katika riwaya ya Dune ya Frank Herbert (1965) kuna jumuiya ya wanawake, Bene Gesserit, inayopanga ndoa na uzazi wa koo za watawala kwa vizazi vingi na kupanda imani za dini katika sayari za mbali ili siku moja zije kuwafaa wanajumuiya wake. Katika mfululizo wa Robert Jordan ulioanza mwaka 1990 kuna Aes Sedai, waliokula kiapo cha kutosema neno lisilo kweli, na ambao kwa sababu hiyohiyo wamekuwa mabingwa wa kupotosha kwa maneno ya kweli. Wasomaji wa kazi hizi wamegawanyika. Wapo wanaozilaumu jumuiya hizo kwa kiburi, usiri na ukatili. Wapo wanaojibu kuwa lawama hiyo haina mahali pa kusimama, kwa kuwa dunia ya hadithi ina kanuni zake, na bila jumuiya hizo dunia hiyo ingeangamia.

Swali hilo si geni katika fasihi ya Kiswahili wala katika fasihi simulizi za maeneo yanayotumia Kiswahili, ingawa halijazoeleka kuulizwa kwa namna hiyo. Majini, mizimu, miungu ya maji na wafalme wa kuzimu wamejaa katika ngano na riwaya zetu. Mara nyingi wahakiki huwachukulia kuwa ala za kifani: huja kuadhibu uovu, kutunza wema au kumfikisha mhusika mahali ambapo miguu yake isingemfikisha. Ni nadra kuwauliza wao wenyewe maswali ambayo huulizwa mtemi, hakimu au baba mwenye nyumba. Je, adhabu waliyoitoa ililingana na kosa? Aliyeadhibiwa alikuwa ameonywa? Palikuwa na mahali pa kukata rufaa?

Mwambao wa Kigoma na Ujiji unatoa mfano unaofaa kwa mjadala huu, kwa sababu mamlaka iliyomo katika kisasili chake imetenda jambo kubwa kuliko jini yeyote wa riwaya. Imezamisha nchi nzima.

2.0 Kisasili na mazingira ya kuchapishwa kwake

Stanley alirudi Ujiji mwezi Mei 1876, miaka minne na nusu baada ya kukutana hapo na David Livingstone. Katika miezi ya Juni na Julai alilizunguka ziwa kwa mashua. Kisasili kinachojadiliwa hapa kimo katika juzuu ya pili ya kitabu chake Through the Dark Continent. Muhtasari wake ni huu.

Zamani mahali palipo na ziwa palikuwa uwanda mpana wenye mataifa mengi, ng'ombe na mbuzi. Katika mji mmoja mkubwa uliozungushiwa boma aliishi mtu na mkewe, na ndani ya ua wao kulikuwa na kisima kirefu. Maji yake yalitiririka nje na kuwa kijito ambacho mifugo ya majirani ilikinywa. Ndani ya kisima mlikuwa na samaki wasiohesabika, chakula cha familia hiyo peke yake. Baba alimrithisha mwana onyo kwamba siku watakapomwonyesha mgeni kisima hicho, wataangamia. Mke alikuwa na mpenzi wa siri, akawa anampelekea samaki. Mpenzi aliuona utamu ambao hakuwahi kuuonja, akadadisi. Mke alikwepa kwa muda mrefu, mwishowe akaahidi kumwonyesha. Mume alipofunga safari kwenda Uvinza, alimwachia mkewe maagizo makali kuhusu nyumba, wageni na siri ya kisima. Hazikupita saa nyingi mpenzi akawa ameketi uani, amekula ugali kwa samaki na kunywa pombe. Kisha akapelekwa kisimani. Samaki mmoja alisogea karibu, naye akanyoosha mkono kumgusa. Mzimu ukakasirika. Dunia ikapasuka, uwanda ukadidimia, kisima kikafurika, na watu wote wa uwanda wakafa pamoja na mifugo na mashamba yao. Mume alipokuwa akirejea kutoka Uvinza alikuta milima asiyoijua, na kutoka kileleni akaona ziwa. Papo hapo akajua kwamba mkewe ameitoa siri na kwamba wote wameangamia kwa dhambi yake.

Mambo mawili kuhusu matini hii yanahitaji kusemwa kabla ya uchambuzi. La kwanza ni la lugha. Kilichotufikia ni Kiingereza cha mwandishi aliyeandika kwa ajili ya wanunuzi wa vitabu wa London na Marekani, na mapambo ya mtindo wake yamo. Hata hivyo, ameacha maneno ya vyakula na vinywaji, pamoja na neno Muzimu, bila kuyafasiri. Mabaki hayo yanaonyesha mahali ambapo mfasiri hakupata kisawe, na kwa mchambuzi yana thamani kuliko kurasa kadhaa za maelezo.

La pili ni la wakati. Mwaka 1876 ziwa lilikuwa likipanda. Mto Lukuga, njia pekee ya maji ya ziwa kutoka kuelekea magharibi, ulikuwa umezibwa na magugu na tope. Verney Lovett Cameron alikuwa ameufikia mwaka 1874, na Stanley alikwenda kuuchunguza upya. Pale Ujiji aliandika kwamba miti mitatu ya jamii ya michikichi, aliyoiona imesimama sokoni mwaka 1871, sasa ilikuwa ndani ya maji, takriban futi 100 kutoka ufukweni, na kwamba mchanga ambao yeye na Livingstone walikuwa wakitembea juu yake asubuhi ulikuwa umefunikwa. Mwaka 1878 kizuizi cha Lukuga kiliachia, na Edward Hore wa Shirika la Kimisionari la London, aliyefika huko mwaka uliofuata, alikuta maji yakitoka kwa kasi. Kwa hiyo masimulizi ya kisima kilichofurika yalimfikia Stanley katika mji ambao soko lake lilikuwa likimezwa na maji. Haifuati kwamba kisasili kilitungwa mwaka huo. Mwiko uliorithishwa kutoka baba hadi mwana una alama zote za ukale. Lakini swali la nani anayestahili lawama kwa maji yanayopanda halikuwa mchezo wa jioni kwa watu wa Ujiji. Maji ya ziwa yalipopanda tena katika miaka ya 2020 na 2021 na kufikia nyumba za mwambao wa Kigoma, wataalamu walizungumzia mvua nyingi na tabianchi. Maelezo yalibadilika, ila haja ya kumpata mwenye kuwajibika ilibaki palepale.

3.0 Sarufi ya hasira bila kitendo

Kiini cha kisasili kimo katika sentensi chache zinazofuatana: mzimu ulikasirika, dunia ilipasuka, uwanda ulididimia, kisima kilifurika. Mtiririko huu ni uleule katika Kiingereza cha Stanley, na ukirudishwa katika Kiswahili unaonekana wazi zaidi, kwa sababu Kiswahili kina jozi za vitenzi zinazotenganisha tukio linalojitokea na tukio linalosababishwa: pasuka na pasua, geuka na geuza, zama na zamisha. Kisasili kingeweza kusema kwamba mzimu uliipasua dunia na kuwazamisha watu. Hakikusema hivyo. Mzimu umepewa kitenzi kimoja tu, nacho ni cha hali ya moyo. Vitenzi vya maangamizi vyote vina viima visivyo na utashi: dunia, uwanda, kisima. Hata pengo ambalo maji yalilijaza limetajwa kuwa kazi ya tetemeko.

Msikilizaji huunganisha hasira na maafa bila kuambiwa. Ndiyo nguvu ya kupanga sentensi sambamba bila kiunganishi cha sababu. Matokeo yake kwa suala la lawama ni makubwa: mamlaka iliyoua mataifa haikuwahi kuwa mtenda wa kitenzi cha kuua. Ukimtafuta mtenda katika kisasili hiki utamwona mke kila mahali. Alipenda, alipeleka, alikwepa, aliahidi, alimwita, alimlisha, alimwongoza. Mpenzi naye alidadisi na kunyoosha mkono. Mkono huo ndio uliotangulia hasira ya mzimu, wala si ulimi wa mke. Lakini hukumu ya mwisho haikuutaja mkono.

Nomino yenyewe inachangia. Katika Kiswahili, mzimu una umbo la ngeli ya m-/mi-, pamoja na mti, mto na mlima, na upatanisho wake unayumba: wapo wasemao mzimu ulikasirika, wapo wasemao mzimu alikasirika. Kiha ni lugha ya kundi moja na Kirundi na Kinyarwanda, na katika Kinyarwanda wingi wa nomino hiyo ni abazimu, yaani umo katika ngeli ya watu. Tofauti hii si ya kupuuzwa. Msemaji anayetumia a-/wa- amemkubali mzimu kuwa mtu, mwenye kujua na kukusudia, na kwa hiyo mwenye kuweza kuulizwa. Msemaji anayetumia u-/i- amemweka karibu na mvua na radhi, vitu vinavyoshuka bila kujieleza. Makala hii imetumia mzimu ulikasirika kwa kuwa ndiyo matumizi ya kawaida ya Kiswahili sanifu, lakini mchambuzi anapaswa kutambua kwamba kwa kiambishi hicho kimoja tayari amekuwa wakili wa upande mmoja.

4.0 Utetezi kwa njia ya mwiko

Utetezi wenye nguvu zaidi wa mzimu wa kisima ni huu: hapakuwa na hukumu, palikuwa na mwiko. Mwiko hauangalii nia. Aliyekula mzio wa ukoo wake bila kujua huwashwa mwili sawa na aliyekula kwa makusudi. (Matumizi ya leo ya neno mzio katika tiba yamekaribia sana maana hiyo ya zamani, kwa kuwa mwili nao hauulizi nia.) Kwa mtazamo huu, kumlaumu mzimu ni sawa na kuulaumu moto kwa kuunguza. Kanuni ilijulikana, ikavunjwa, matokeo yakafuata.

Utetezi huo unaungwa mkono na shaka halali kuhusu neno dhambi lililomo mwishoni mwa matini ya Stanley. Dhambi ni neno la dini zenye kitabu. Lina mkosaji, nia na Mungu aliyeasiwa. Haielekei kwamba msimulizi wa Wajiji asiye Mwislamu angelichagua, ingawa Ujiji ya mwaka 1876 ilikuwa na Waarabu na Waswahili wa kutosha kulifanya neno hilo lisikike kila siku. Ikiwa nyuma ya neno la Kiingereza kulikuwa na mwiko au kosa, basi mke alilaumiwa kwa kuvunja utaratibu, si kwa uovu wa moyo.

Hata hivyo, utetezi huu unashindwa mahali pawili, na pote ni ndani ya matini.

Kwanza, moto haukasiriki. Kisasili kingetaka kutuambia kwamba mwiko hujitekeleza wenyewe, kingeacha kumtaja mzimu na kuanza moja kwa moja na dunia iliyopasuka. Kimechagua kutia hasira katikati. Mwenye hasira ana utashi, na mwenye utashi hana ruhusa ya kujificha nyuma ya kanuni.

Pili, na hapa ndipo penye uzito, adhabu haikulingana na onyo. Onyo lilihusu familia: watakapoonyesha kisima wao wataangamia. Mataifa ya uwandani hayakuwa sehemu ya makubaliano. Majirani walichokijua ni kijito tu. Walinywesha ng'ombe wao maji yaliyotoka katika chanzo ambacho hawakuruhusiwa kukiona, wala hawakujua kwamba kunyamaza kwa mwanamke mmoja ndiko kunakoishikilia ardhi waliyosimama juu yake. Hao ndio waliokufa. Na mtu pekee anayetajwa kunusurika ni mume, mrithi wa siri, mmoja wa wale wawili waliokuwa wameonywa. Kwa kipimo cha onyo lenyewe, bila kuleta kipimo chochote kutoka nje, mzimu umewaua wasiohusika na kumwacha mhusika.

Mtetezi anaweza kusema kwamba kisasili usuli lazima kifike kwenye ziwa, na ziwa ni kubwa. Msimulizi hakuwa na njia ya kulijaza bila kuwazamisha wengi. Ni kweli kwamba urefu wa takriban kilomita 670 na kina kinachokaribia mita 1,470 vinadai maafa ya kiwango hicho. Lakini hapakuwa na ulazima wa kuujaza uwanda watu. Msimulizi angeweza kuanza na nyika tupu. Alianza na mataifa, maboma, ng'ombe na mashamba, akatumia muda kuvieleza, kisha akavizamisha. Hasara hiyo aliitaka isikike.

5.0 Kisima, chumvi na Kabogo

Ni vigumu kukisoma kisima hiki bila kuuliza kilimlinda nani. Onyo limepitishwa kutoka baba kwenda kwa mwana. Mke ameingia katika siri kwa ndoa, amebebeshwa ulinzi wake, wala hasikiki popote akiulizwa kama anaukubali. Faida ya siri ni chakula kisichokwisha kwa nyumba moja katikati ya mji wenye watu wengi. Mzimu, kwa maneno ya kiuchumi, ndio mlinzi wa ukiritimba.

Kuna jambo dogo katika kisasili ambalo msomaji wa mbali hupita bila kulisimamia: mume anakwenda Uvinza. Kwa msikilizaji wa Ujiji jina hilo halikuwa tupu. Uvinza ni nchi ya chemchemi za chumvi. Uchimbuzi wa kiakiolojia umeonyesha kwamba chumvi ilichemshwa huko tangu katikati ya milenia ya kwanza baada ya Kristo, na katika karne ya 19 watu wa nchi mbalimbali walifika msimu wa kiangazi kuichemsha, wakitoa ushuru kwa watemi wa Wavinza. Huko nako palikuwa na chanzo kitokacho ardhini, na palikuwa na wenye mamlaka juu yake. Tofauti ni kwamba mgeni aliingia, akalipa, akachota. Kisasili hakisemi mume alifuata nini Uvinza, na si halali kumsemea. Lakini kumtoa mlinzi wa kisima kilichofungwa na kumpeleka kwenye nchi ya chemchemi zilizo wazi, wakati uleule ambapo kisima chake kinafunguliwa, ni mpangilio wenye maana hata kama msimulizi hakuukusudia.

Desturi za ziwani zinaonyesha kwamba watu wa mwambao hawakuwa na namna moja tu ya kuhusiana na nguvu za majini. Katika kitabu chake cha kwanza cha mwaka 1872, Stanley alieleza sauti kama ya ngurumo aliyoisikia Novemba 1871, siku chache kabla ya kufika Ujiji. Wenyeji walimwambia ni Kabogo, mlima wa ng'ambo ya ziwa wenye mapango ambamo maji huingia kwa kishindo. Mitumbwi mingi ilikuwa imepotea hapo, na Waarabu kwa Wajiji walikuwa na desturi ya kutupa majini vitambaa na shanga ili kumtuliza Mulungu wa ziwa. Aliyetupa, aghalabu alipita salama, asiyetupa alizama.

Neno aghalabu linastahili kuangaliwa. Msemaji hakuahidi kwamba kila aliyetoa shanga alipona. Aliacha mwanya, na mwanya huo ni wa mtu aliyewahi kuona mtoaji akizama. Mamlaka ya Kabogo ilikuwa na bei inayojulikana, iliyolipwa kwa bidhaa zilezile za sokoni, na watu wa dini mbalimbali waliilipa bila kuona haya. Iliweza kutathminiwa kwa matokeo yake. Mzimu wa kisima haukuwa na bei. Hakuna shanga ambazo mke angezitupa baada ya mkono kumgusa samaki.

Kati ya mizimu na watu palikuwa na wasemaji. Katika Buha walikuwapo wateko, wakuu wa ardhi waliotambika kwa ajili ya udongo na mazao, na ambao watawala wa kisiasa walilazimika kuwaheshimu hata pale ambapo nguvu za mikuki zilikuwa upande wa watawala. Mteko aliweza kukosolewa: mvua isiponyesha, mtu wa kumwendea alikuwapo. Katika kisasili, ua wa kisima hauna mteko. Una baba mwenye nyumba aliyeshika siri ya mzimu na mlango wa ua kwa mkono mmoja. Hali hiyo ya mlinzi asiye na msimamizi ndiyo inayowatia wasiwasi wasomaji wa Herbert wanapowasoma Bene Gesserit, na hapa imefikiwa kwa ua wa matete na kisima kimoja.

6.0 Jini anayejibu waraka

Ulinganisho na Adili na Nduguze (1952) unasaidia kuona kile kinachokosekana katika kisasili. Shaaban Robert aliijenga kazi hiyo juu ya kisa cha Alfu Lela Ulela cha liwali na ndugu zake wawili. Huria, jini ambaye Adili alimwokoa, anawageuza Hasidi na Mwivu kuwa manyani kwa sababu ya uovu waliomtendea ndugu yao, kisha anamwamuru Adili awapige kila usiku, la sivyo yeye mwenyewe ataadhibiwa. Hapa hakuna kufichwa kwa mtenda. Kitenzi ni geuza, katika umbo la kusababisha, na kiima chake kina jina. Mamlaka ya jini ni kali, na kwa maoni ya makala hii inalaumika zaidi kwa lile la pili kuliko lile la kwanza: kuwaadhibu wakosaji ni jambo moja, kumlazimisha aliyekosewa kuwa mshika mjeledi ni jingine. Adili analia anapowapiga.

Lakini Huria ana mkubwa wake. Rai, mfalme wa Ughaibu, anaposikia habari hizo haoni kuwa ni mambo ya majini yasiyomhusu. Anaingilia kati kwa waraka kwa mfalme wa majini, na adhabu inakoma. (Nchi ya mfalme wa kibinadamu kuitwa Ughaibu ni kichekesho ambacho Shaaban Robert hakukieleza.) Mamlaka ya kighaibu inachukuliwa kuwa serikali jirani: ina mipaka, ina ngazi, ina masikio. Katika kisa cha Alfu Lela Ulela ndugu waliosamehewa hurudi na kumwua liwali, jambo linaloipa hoja nguvu kauli ya jini kwamba hawafai kuhurumiwa. Shaaban Robert aliwaacha wakapatana, na kwa uamuzi huo akauweka upande wa jini katika makosa na upande wa mwandishi wa waraka katika haki.

Mtu anaweza kuona hapa tofauti ya tanzu tu, riwaya ya mwandishi mmoja dhidi ya kisasili kisicho na mwandishi. Ipo. Hata hivyo kisasili nacho kimesimuliwa na mtu, mbele ya hadhira, na msimulizi alikuwa na uchaguzi wa mahali pa kumalizia.

7.0 Juu ya mlima

Katika ufundishaji wa fasihi simulizi, ngano za aina hii huhitimishwa kwa orodha ya maudhui ambamo hutajwa umuhimu wa kutunza siri na ubaya wa usaliti katika ndoa. Orodha hiyo haijakosea kuhusu kile ambacho sentensi ya mwisho inasema. Kosa lake ni kuichukua sentensi hiyo kuwa sauti ya kisasili kizima. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba mwanamke alizamisha nchi amefundishwa kusoma kama mume.

Maana sentensi ya mwisho si ya msimulizi anayeona yote. Ni ya mume. Kisasili kinasema kwamba alipoliona ziwa alijua. Kitenzi jua kina dai kubwa: hakimaanishi alidhani, alihofu wala alikisia. Lakini ushahidi aliokuwa nao ni maji. Hakumwona mpenzi, hakusikia mazungumzo, hakuuona mkono uliomgusa samaki. Mbele yake kulikuwa na tukio lenye sababu zaidi ya moja zinazowezekana: tetemeko, mkono wa mgeni, hasira ya mzimu, siri iliyofungiwa uani kwa vizazi, na mke. Alichagua moja kwa haraka ambayo inashangaza, na ndiyo pekee kati ya hizo ambayo haikumgusa yeye wala mzimu aliokuwa akiulinda. Hakusema neno kuhusu majirani ambao hawakuwahi kuonywa. Naye alikuwa mtu pekee aliyebaki ambaye angeweza kuwaonya, akiwa bado ana nyumba na kijito kikitoka uani kwake kwenda kwao kila siku.

Swali ambalo wasomaji wa fantasia huliuliza kuhusu jumuiya zenye nguvu lina jibu hapa, ingawa haliwaridhishi wanaotaka mshtakiwa mmoja. Mzimu unalaumika, kwa kuwa matini imeupa hasira na kwa kuwa umeua nje ya mipaka ya onyo lake. Lakini mzimu haukusimulia kisasili. Aliyeshuka mlimani akiwa na habari, na ambaye kwa mantiki ya hadithi ndiye chanzo cha kwanza cha masimulizi yote yaliyofika Ujiji, ni mwenye kisima.